Riali ya John Barry kwenye kidani cha babu: utajuaje kama imeopolewa baharini kweli?

Swali limetoka kwa binti mmoja anayeishi Muscat, asili yao Unguja. Nalifupisha kidogo: "Shikamoo Mzee. Marehemu babu yetu alifanya kazi bandarini huku Oman miaka mingi, ametuachia kitu cha fedha cha duara kama medali, katikati kuna sarafu ya Kiarabu inaonekana pande zote mbili, na kwenye fremu pamenakshiwa meli na maneno S.S. JOHN BARRY 1944 – 1994. Vyote pamoja gramu 23. Babu akituambia ni pesa iliyotoka chini ya bahari. Sonara mmoja amesema haina lolote, ya kuyeyusha tu, atanilipa kwa uzito. Setifiketi hatuna. Je ni ya kweli? Ina thamani? Na niisafishe vipi maana imeingia weusi?"

Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu babu. Kabla ya yote, usimpe mtu kitu hicho akakiyeyushe, hata kama bei anayokupa ni ya haki kabisa kwa gramu. Fedha ikishaingia kwenye moto basi, ushahidi wote umekwisha, na wewe hapo ulipo una ushahidi mwingi kuliko unavyodhani. Nimezitazama picha zako mara kadhaa, nitakueleza ninachokiona na jinsi ya kupima mwenyewe hapo nyumbani, lakini kwanza lazima ujue hiyo meli ilikuwa ya nini maana vipimo vyote vinatokana na historia yake.

John Barry haikuwa manowari. Watu wengi wakiona meli imenakshiwa kwenye medali wanafikiri ni kitu cha jeshi la majini la Marekani, na wauzaji wengine wanapenda mnunuzi aendelee kufikiri hivyo. Ilikuwa meli ya mizigo, zile Marekani ilizokuwa ikiziunda kwa mamia wakati wa vita vya pili zikiitwa meli za Liberty, ila ilipewa jina la John Barry, mzaliwa wa Wexford kule Ireland aliyekuja kuwa komodoo kwenye jeshi la majini la Marekani tangu enzi za George Washington. Kwa hiyo ubaharia wa kijeshi umo kwenye jina, na walikuwemo pia askari wa majini wa kushika mizinga kama ilivyokuwa kawaida kwa meli za mizigo wakati ule, lakini kidani chako si nishani ya jeshi wala hakikutolewa kwa mwanajeshi yeyote. Ni kitu cha kumbukumbu, kimetengenezwa baada ya 1994.

Sasa kwa nini meli ya mizigo ibebe riali. Vita ilipokolea mahujaji walipungua sana, na mahujaji ndio walikuwa pato kubwa la Saudi Arabia kabla mafuta hayajachanganya. Mwezi Februari 1943 Roosevelt akaiingiza Saudia kwenye ule mpango wa Marekani wa kusaidia nchi rafiki kwa vifaa na mali. Wakati huohuo makampuni ya mafuta ya Kimarekani yalikuwa yanajenga kule Ras Tanura na Dhahran, na mfanyakazi alilipwa kwa fedha ya kushikika, maana Saudia haikuwa na noti kabisa, zile stakabadhi za mahujaji zilizofanya kazi kama noti zilikuja 1953. Hapa pwani yetu jambo hili tunalielewa bila kuelezwa sana, wazee wa Unguja walihesabu kwa reale, zile sarafu kubwa za fedha, miaka na miaka, na karatasi ilichelewa kuaminika. Basi kiwanda cha sarafu cha Philadelphia huko Marekani kikapiga riali kwa niaba ya Saudia, na milioni 3 kati ya hizo zikapakiwa kwenye John Barry. Fanya hesabu, riali moja gramu 11.6, mara milioni 3, unapata karibu tani 35 za sarafu tupu.

Meli ikaondoka Philadelphia mwezi Julai 1944, ikapita Suez, ikafika Aden, na kutoka hapo ikaendelea peke yake kuelekea Ghuba bila kusindikizwa. Usiku wa tarehe 28 Agosti, na ilikuwa ndani ya Ramadhani ya mwaka 1363 wa Hijria, nyambizi ya Kijerumani U-859 ikaipiga torpedo nje ya pwani ya Oman, halafu ikaipiga ya pili na meli ikakatika vipande viwili. Watu wawili walikufa, wengine wote waliokolewa na meli zilizopita. Ile nyambizi yenyewe haikumaliza hata mwezi, ilizamishwa karibu na Penang mwezi Septemba na nyambizi ya Waingereza inayoitwa Trenchant.

Zile riali zikakaa chini ya maji, kwenye kina cha kama mita 2,600. Kina hicho hakuna mzamiaji anafika wala wa kufikiria. Serikali ya Marekani ikaja kuuza haki ya kuopoa mwaka 1989, na Sheikh Ahmed Farid al Aulaqi wa Oman ndiye aliyesimamia mpango mpaka ukafanikiwa. Walitumia meli ya kuchimbia mafuta, Flex LD, wakashusha bomba refu la kuchimbia na kwenye ncha yake wakafunga koleo kubwa mno la chuma lenye makucha, wakapasua sitaha ya ile meli kule chini na kuzoa. Kilichopanda ni tope, vyuma, mbao na riali, vyote kwa pamoja. Ilikuwa mwishoni mwa 1994 na zilipatikana riali kama milioni 1.3. Hizo tarehe mbili kwenye fremu yako, 1944 na 1994, ndio kuzama na kuopolewa.

Utawasikia watu wakisema meli hiyo ilibeba pia matofali ya fedha ya thamani ya dola milioni 26. Uvumi huo ni wa miaka mingi na ndio uliovuta pesa nyingi kwenye kazi ile, lakini matofali hayajawahi kuonekana. Nalisema hili kwa sababu ukikutana na mtu anakuuzia medali "iliyotengenezwa kwa matofali ya John Barry" ujue moja kwa moja huyo anakuuzia maneno.

Haya, turudi kwenye kitu chako. Vitu vya namna hii viko vya aina tatu na kila aina inapimwa kivyake, kosa la yule sonara ni kuvichukulia vyote sawa.

Kuna sarafu iliyoyeyushwa na fedha yake ikapigwa upya kuwa medali. Hapo sarafu haipo tena, unachonunua ni fedha pamoja na neno la aliyeitengeneza, na neno hilo lina uzito tu kama aliyelisema ana jina la kupoteza. Mfano mzuri ni fedha ya SS Gairsoppa, meli ya Kiingereza iliyozamishwa Februari 1941 kusini magharibi mwa Ireland, ikalala mita 4,700 chini. Matofali yake yaliopolewa 2012 na 2013, na sehemu ya fedha hiyo Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, ikaigeuza sarafu ndogo za robo aunsi zenye jina SS GAIRSOPPA limepigwa kwenye ukingo. Ukishika ile unajua nani amesema na ukitaka kumuuliza unajua pa kwenda. Waingereza tabia hiyo wanayo zamani sana, fedha waliyoiteka Vigo huko Spain mwaka 1702 waliipigia sarafu za Malkia Anne zenye neno VIGO chini ya picha yake, yaani serikali yenyewe inaandika asili ya fedha kwenye sarafu.

Kuna sarafu nzima iliyochorwa juu yake au kupigwa chapa mpya. Hii mimi binafsi siipendi maana inaharibu sarafu na bado haithibitishi kitu.

Na kuna ya tatu ambayo ndio ya kwako, sarafu nzima imewekwa ndani ya fremu bila kuguswa. Hii ndio bora kuliko zote kwa mtu anayetafuta ukweli kwa sababu shahidi bado yumo ndani, mzima, unaweza kumhoji. Fremu pamoja na maneno yake yote usiitilie maanani sana. Maneno S.S. JOHN BARRY yanathibitisha kwamba kuna mtu aliyaandika, basi, fundi yeyote mwenye kalamu ya kunakshia Mutrah au Nizwa anaweza kuyaandika kwa nusu saa. Na huko Oman, kama hapa kwetu, kutundika riali na reale kwenye vidani ni kazi ya masonara tangu mababu, kwa hiyo riali iliyomo ndani ya fremu peke yake haisemi kama ilitoka baharini au ilitoka kwenye mkufu wa bibi wa mtu.

Basi tumhoji shahidi mwenyewe. Anza na tarehe. Soma mwaka kwenye sarafu kwa tarakimu za Kiarabu, wewe huko umezizoea. Riali kubwa za fedha za Mfalme Abdulaziz za aina hii, gramu 11.6, upana wa kama milimita 30, zina miaka mitatu tu: 1354, 1367 na 1370 za Hijria. Meli ilizama 1363. Kwa hiyo ukiona 1367 au 1370 mjadala umefungwa hapohapo, sarafu hiyo ilizaliwa meli ikiwa tayari iko chini, hata kama fremu imeandikwa kwa dhahabu na setifiketi ina mihuri kumi. Ya kwako kwenye picha ya pili naiona vizuri, ni 1354. Usishangae kwamba 1354 ni sawa na 1935 wakati meli ni ya 1944, mwaka ule ulibaki kwenye chapa na sarafu zikaendelea kupigwa nao miaka iliyofuata, mambo ya kawaida kabisa kwenye viwanda vya sarafu, hata reale za Maria Theresa tulizozizoea zina mwaka 1780 na zimeendelea kupigwa mpaka leo. Na wala usishangae kusoma kwamba imepigwa Makka tukufu, ndivyo chapa ilivyoandikwa hata kwa zile zilizotoka kwenye mashine za Philadelphia.

Lakini 1354 peke yake haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Riali za 1354 zilipigwa kwa mamilioni mengi sana na nyingi hazikuwahi hata kusogelea hiyo meli, zilitumika sokoni Jeddah na Hofuf na kwingineko kwa miaka. Tofauti iko kwenye kuchakaa. Fikiria safari ya riali ya John Barry: imetoka kwenye mashine, imeingia kwenye kasha, kasha limeingia melini, meli imezama. Hakuna mfanyabiashara aliyeihesabu, haikukaa kwenye kibindo cha mtu, haikugongana na wenzake kwenye mfuko wa ngozi miaka kumi. Kwa hiyo riali ya kweli ya meli hii haina uchakavu wa mikono. Chukua kioo cha kukuzia, hata kamera ya simu ukiisogeza vizuri inatosha, tazama sehemu zilizoinuka zaidi, zile panga mbili zilizopishana, makuti ya mitende, na migongo ya herufi. Sarafu iliyotumika sokoni inakuwa bapa kwenye sehemu hizo, inang'aa kidogo kuliko pengine, na kingo za herufi zinakuwa za mviringo. Iliyokaa baharini bila kutumika inaweza kuwa imeliwa na chumvi, ina vishimo, rangi imeharibika, lakini katikati ya vishimo hivyo bado utaona kona za herufi ni kali kama zilivyotoka kiwandani. Chumvi inakula popote, mikono inakula palipoinuka. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza siku zote na kimeshawaumiza wauzaji wengi.

Angalizo moja. Kama babu au bibi alikivaa kidani kwa miaka, upande unaogusa nguo au kifua utakuwa umesuguka. Huo ni uchakavu wa upande mmoja tu, upande wa pili utakuwa mkali. Ukikuta pande zote mbili zimesuguka sawasawa, hiyo ilikuwa pesa ya sokoni.

Kwenye picha yako ya tatu, ile uliyoipiga karibu na dirisha, naona panga zina ncha na makuti yamegawanyika vizuri, na pembeni upande wa kulia kuna eneo la vishimo vidogovidogo visivyo na mpangilio vinavyokatiza mpaka kwenye herufi. Hicho kitu kimenifurahisha sana. Sarafu zilizopangwa kwa kubanana zinalindana, zile za katikati zinatoka karibu kama mpya na zile zilizokuwa nje zinaliwa, na nyingine zinaliwa upande mmoja tu palipokuwa wazi, ndio mana'ke sarafu moja inaweza kuwa na nusu nzuri na nusu mbaya. Mtu anayeghushi kwa asidi mara nyingi anaiua sarafu nzima kwa usawa. Na sarafu ya kumiminwa kwenye kalibu ina vishimo pia, ila vyake ni vya mviringo kama mapovu, viko mpaka kwenye sehemu tambarare zilizotakiwa kuwa laini, na herufi zake zinaonekana kama zimepakwa sabuni, halafu kwenye ukingo ukizungusha taratibu kwenye mwanga utakuta mstari wa maungio au alama ya tupa iliyoufuta. Ukingo wa kwako umefunikwa na fremu kwa hiyo hilo hatulioni bado.

Sasa ule uzito. Gramu 23 ukitoa 11.6 za riali inabaki fremu ya kama gramu 11.4 pamoja na kikuku cha juu, kile cha kupitishia mkufu, hesabu inakaa vizuri kwa ukubwa ninaouona. Lakini uzito peke yake unadanganyika, inabidi tujue na ujazo. Fanya hivi nyumbani, haigharimu kitu zaidi ya mzani wa dijitali unaosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, na masonara wote wanao, mwombe yeyote akuazime mezani kwake huku unatazama. Pima kidani kikavu, andika. Weka glasi ya maji yaliyosafishwa juu ya mzani, bonyeza mzani urudi sifuri. Funga kidani kwa uzi mwembamba, kishushe mpaka kizame chote kwenye maji bila kugusa chini wala pembeni, wewe umeshika uzi kwa juu. Mzani utasoma namba ndogo, hiyo ndio uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa hiyo namba. Riali ni fedha ya 917 kwa elfu na iliyobaki ni shaba, mchanganyiko huo unatoa kama 10.3, na fremu kama ni fedha ya 925 inatoa karibu hiyohiyo, kwa hiyo kidani chako chote kinatakiwa kisukume maji ya kama gramu 2.2. Ukipata jibu la 10.2 hadi 10.4 tulia. Ukipata 8 na kitu hapo fremu na sarafu zote mbili ni shaba nyeupe au nikeli, na ukipata kama 9.3 hadi 9.6 huenda ni kimoja tu kati ya hivyo viwili. Ukipata 9.7 au 9.8 usikate tamaa haraka, hewa inapenda kujificha kati ya sarafu na fremu na inapunguza jibu, kitikise kidani ndani ya maji mpaka mapovu yatoke, rudia. Ukimaliza kikaushe vizuri kwa kitambaa laini cha pamba kwa kugusisha bila kusugua, ukiache juu ya taulo usiku mzima.

Sumaku jaribu pia, ikivuta basi ndani kuna chuma au nikeli, ila isipovuta usishangilie, shaba nayo haivutwi.

Kuhusu weusi. Hapa nakuomba sana mwanangu, usiguse. Najua watakuambia ndimu, siki, dawa ya meno, majivu, foili na magadi, kila nyumba ya pwani ina dawa yake ya kung'arisha fedha na kwa bangili za harusi sina ugomvi nazo. Kwa kitu hiki hapana. Weusi ule ni salfidi ya fedha, ngozi nyembamba iliyotokana na fedha yenyewe, na kuuondoa maana yake ni kuondoa tabaka la juu la sarafu. Kwenye riali yenye zile kona kali nilizokueleza, tabaka hilo la juu ndilo ushahidi wetu mkubwa, ukisugua kwa dawa ya meno dakika tano umeigeuza riali ya baharini ionekane riali ya sokoni na hakuna mtaalamu atakayeweza kuirudisha. Yale maeneo ya kijivu yanayofanana na nta karibu na vishimo ni kloridi ya fedha, nayo yaache, yametulia. Kinachohitaji jicho ni doa la kijani. Kijani ni shaba iliyomo kwenye sarafu inaanza kuliwa, na ukiliona linaongezeka mwezi hadi mwezi mpelekee mtu wa uhifadhi wa makumbusho, Muscat wapo, usimpelekee sonara.

Kukiweka ni rahisi. Hewa yenu ya Muscat ina chumvi na joto kama ya kwetu. Kifunge kwenye karatasi laini isiyo na asidi, tia kwenye kiboksi kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na usikiweke pamoja na raba, sufu wala zile plastiki laini zenye harufu, vyote hivyo vinatoa gesi inayoharibu fedha. Na kile kikuku cha juu ulichosema kimelegea, usikubali kilehemiwe kikiwa kwenye sarafu, moto wa kulehemu unabadilisha rangi ya sarafu nzima. Kama ni lazima, fundi afungue fremu kwanza, atoe riali, alehemu fremu peke yake. Na siku hiyo ikitokea uwe umesimama pale, uupige picha ukingo wa sarafu kabla haijarudishwa.

Thamani sasa, najua hili ndilo mlilokuwa mnajadili nyumbani. Chini kabisa kuna thamani ya fedha yenyewe. Riali ina gramu 10.6 za fedha safi, fremu kama ni 925 ina gramu 10.5 nyingine, kwa hiyo una gramu 21 na kidogo, zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo na hapo ndipo yule sonara alipoishia. Juu yake kuna thamani ya historia, na hii nitakuwa mkweli, haitakununulia nyumba. Riali milioni 1.3 zilipanda kwa pamoja, si kitu adimu, mnunuzi mwenye haraka anaweza kupata nyingine. Anacholipia mtu ni uhakika kwamba hii imetoka kule, na uhakika huo unatokana na mlolongo wa nani alimpa nani, kuanzia kwenye sitaha ya Flex LD mpaka mkononi mwako. Ndio maana riali moja inaweza kuuzwa kwa bei ya kuyeyusha na pacha wake akauzwa mara kadhaa ya hapo.

Setifiketi ukiikosa usiumie sana, nyingi zinazozunguka ni karatasi za jumla zisizotaja sarafu yoyote, unaweza kuihamisha kutoka kidani hiki kwenda kile na hakuna atakayegundua. Setifiketi ya maana ina picha ya sarafu yenyewe, ile yenye vishimo vyake mahali pake, au namba inayolingana na namba iliyopigwa kwenye fremu. Kwa hiyo geuza fremu utazame nyuma ya kikuku na ndani ya ukingo kwa mwanga wa pembeni, tafuta namba ndogo, 925, au alama ya fundi. Picha zako hazifiki huko.

Mimi kwa ninavyoiona, mwaka 1354, michoro isiyochakaa pande zote mbili, ulaji wa chumvi wa upande mmoja, na babu aliyekuwa bandarini Oman miaka ileile sarafu zilipopanda, vyote vinaelekea upande mmoja. Nasimama upande wa babu yako kwenye hili. Kilichobaki ni kile kipimo cha maji na ukingo.

Na kuna kazi moja ambayo ni yako peke yako na haisubiri. Umesema bibi yupo na wajomba wawili wapo. Kaa nao, waulize babu alikipata mwaka gani, alipewa au alinunua, na nani, alikuwa akifanya kazi sehemu gani ya bandari, alikivaa au alikiweka sandukuni, maneno yake aliyasemaje. Andika kama wanavyosema, hata wakipishana, usiwalazimishe wakubaliane. Wasaini, weka tarehe, chapisha picha mbili za kidani mbele na nyuma pamoja na rula pembeni, uziambatanishe. Tafuta pia kitambulisho cha kazi cha babu au barua yoyote ya bandarini yenye mwaka, utoe kopi. Ukishapata jibu la mgawanyo wa maji na picha ya ukingo nitumie, nitakuambia kama inafaa kuipeleka mnadani au ni bora ibaki kwa bibi.